Je, wajua kwa nini Tabora ilipiga sarafu za dhahabu katikati ya vita?

Miongoni mwa sarafu za kale zinazogombewa sana katika minada ya dunia imo moja iliyotengenezwa Unyamwezini. Ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, ya mwaka 1916, yenye tai wa dola ya Ujerumani upande mmoja, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, pamoja na herufi T inayoonyesha kwamba ilipigwa Tabora. Anayeiona kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba mji huo ulikuwa umeneemeka mwaka ule. Lakini mwaka 1916 ulikuwa wa tatu wa Vita Kuu ya Kwanza, nguo na dawa zilikuwa zimeadimika, na pesa zenyewe zilikuwa hazionekani. Dhahabu ilitumika kwa sababu mkoloni alikuwa ameishiwa na njia nyingine za kuwafanya watu waipokee pesa yake.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, ni lazima kuanza na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na Wajerumani walikuwa wameandaa maonyesho makubwa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huo ili kuisherehekea. Agosti ilipofika, vita vilikuwa vimeanza Ulaya na sherehe ikafa. Manowari za Waingereza ziliifunga pwani, na tangu hapo ni meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilizofanikiwa kupenya na kuleta shehena: moja mwaka 1915 karibu na Tanga, na nyingine mwaka 1916 huko Sudi, upande wa Lindi. Gavana Heinrich Schnee aliihamishia serikali bara, na Tabora, iliyokuwa mji wa misafara na baadaye kituo kikubwa cha reli, ikawa makao makuu ya muda ya koloni zima.

Sarafu za koloni hilo zilikuwa zikipigwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Kwa hiyo pwani ilipofungwa, mlango wa pesa nao ulifungwa. Rupia ya fedha ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu kubwa ya uzito huo, zaidi ya asilimia 91, ilikuwa madini ya fedha halisi. Mtu aliyekuwa nayo alijua kwamba hata serikali ikianguka kesho, kipande kile kitabaki kuwa na thamani kwa mfua vito, kwa mfanyabiashara wa Kihindi, au kwa serikali yoyote itakayokuja. Watu wakazificha. Wakati huohuo mahitaji ya pesa yaliongezeka, kwani askari walitakiwa kulipwa mishahara, wapagazi walitakiwa kulipwa ujira, na wakulima walitakiwa kulipwa bei ya mtama na ng'ombe waliolisha jeshi.

Jawabu la kwanza la serikali lilikuwa karatasi. Tangu mwaka 1915 zilichapishwa noti za muda, za rupia 1 hadi rupia 200, kwa mitambo iliyokuwepo nchini na kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nazo zikatiwa saini kwa mkono. Nyingi zimeandikwa Daressalam/Tabora, jina la mji uliotishwa na manowari na la mji uliopokea ofisi zake. Noti za namna hii hutegemea jambo moja tu, nalo ni imani kwamba aliyezitoa atakuwepo siku ya kudaiwa. Mkulima wa Urambo au wa Nzega hakuwa na sababu kubwa ya kuwa na imani hiyo. Mwenye rupia ya fedha mkono mmoja na noti mkono wa pili hutoa noti na kubakiza rupia, na kila mtu akifanya hivyo, soko zima hujaa karatasi huku fedha ikiwa imelala ardhini au sandukuni. Muuzaji naye, akijua kwamba atalipwa karatasi, hupandisha bei au huamua kula mtama wake mwenyewe. Huku ndiko kupanda kwa bei kunakotokea hata mahali ambapo mavuno si mabaya, na nadhani ni sehemu ya historia ya vita inayosahauliwa mno tunapohesabu mapigano.

Hapo ndipo wazo la kupiga sarafu nchini lilipopata nguvu. Dhahabu ilikuwepo: mgodi wa Sekenke, katika Iramba ambayo leo imo mkoani Singida, ulikuwa umekwishaanza kuchimbwa kabla ya vita, na kwa kuwa haikuwezekana tena kusafirisha dhahabu kwenda Ulaya, ilibaki humuhumu. Mitambo pia ilikuwepo, kwa kuwa reli ilikuwa na karakana zenye mafundi na mashine za kuchongea na kukandamizia chuma. Kiwanda cha kupigia sarafu kiliwekwa katika karakana ya reli huko Lulanguru, karibu na Tabora, na kila sarafu ikawa na uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Thamani yake ililinganishwa na ile ya sarafu ya mark 20 ya Ujerumani.

Zilipigwa sarafu 16,198 kwa jumla. Idadi hiyo ikizidishwa kwa rupia 15, jumla yake haifiki rupia 243,000. Mshahara wa askari wa kawaida wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani ulikuwa takriban rupia 20 kwa mwezi, na mwanzoni mwa mwaka 1916 jeshi hilo lilikuwa na askari wa Kiafrika zaidi ya 11,000. Kwa maneno mengine, dhahabu yote iliyopigwa, kiasi cha kilo 87 za dhahabu safi, ingetosha kuwalipa askari hao mwezi mmoja na siku chache tu, bila kumgusa mpagazi hata mmoja. Isitoshe, mtu hawezi kwenda sokoni kununua kibaba cha mtama kwa sarafu inayokaribia mshahara wa mwezi, na hata akienda, muuzaji hana chenji. Kama chombo cha kununulia, basi, sarafu ya tembo ilikuwa na kazi ndogo. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kisiasa: kuonyesha kwamba serikali iliyohamia Tabora bado ina dhahabu, na kwa hiyo hata karatasi zake zina mgongo wa kuegemea.

Sarafu iliyofanya kazi ya kila siku ni ile ambayo wakusanyaji huipita haraka. Rupia moja iligawanyika katika heller 100, na Tabora ilipiga pia sarafu za heller 20 na heller 5 mwaka huohuo wa 1916. Malighafi haikutoka mgodini, bali ilitokana na shaba iliyookotwa, yakiwemo maganda ya makombora na mabaki mengine ya chuma chakavu. Ukiishika sarafu ya heller 20 ya Tabora utaona kwamba chapa yake si safi kama zile zilizotoka Ujerumani. Hata hivyo ni hiyo ndiyo iliyomwezesha mtu kununua tumbaku, samaki wakavu au kipande cha sabuni bila kulazimika kupokea chenji ya karatasi.

Sabuni yenyewe, na vitu vingine vya dukani, vilibadilika. Nguo za kutoka ng'ambo zilipokwisha, ufumaji wa mikono ulihimizwa upya, na vitambaa vikatiwa rangi ya kahawia iliyotokana na mizizi ya mti uitwao ndaa, ambayo ilifaa sare za askari. Nta, ambayo misitu ya miombo ya Tabora haijawahi kuikosa, ilitengenezwa mishumaa. Mafuta ya kuendeshea magari yalitengenezwa kwa mbata, na dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini yaliyopandwa na kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Ubunifu huo husifiwa sana katika maandishi ya Wajerumani wenyewe, ingawa mazao, ngozi na mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya wenyeji, ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi na kuacha mashamba bila walimaji.

Kwa upande wa chumvi, magharibi ilikuwa na bahati. Chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, zilizojulikana na kutumiwa na wenyeji karne nyingi kabla ya mkoloni, zilikuwa kando ya reli kati ya Tabora na Kigoma, na mahali ambapo chumvi ya bahari haikufika, chumvi ya Uvinza ilikuwa sawa na pesa. Lakini bahati hiyo ilitegemea Kigoma kubaki mikononi mwa Wajerumani. Hapo Kigoma meli Graf von Goetzen, ambayo ilikuwa imeletwa vipandevipande kutoka Ujerumani na kuungwa ufukweni, ilishushwa majini Februari 1915 na kutumika kubeba askari na mizigo ziwani. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini zilianza kuudondoshea mabomu mji huo. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito, na Wabelgiji wakaingia Kigoma. Ndiyo meli ileile iliyoibuliwa baadaye na kuanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Kuanguka kwa Kigoma kulikuwa habari ambayo pia iligusa thamani ya noti mifukoni mwa watu wa Tabora, na hapa ndipo swali la namna habari zilivyosafiri linapohusiana na pesa. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali huko Tanga, lilikuwa la serikali, na wasomaji wake walijua hivyo. Simu ya waya kando ya reli ilikuwa mikononi mwa wakubwa. Habari nyingine zilishuka na abiria na wapagazi, na treni iliyojaa majeruhi ilisema mengi kuliko tangazo la boma. Katika hali kama hiyo uvumi kwamba adui amekaribia ulitosha kumfanya mwenye duka aikatae noti, hata kama mapigano bado yako mbali.

Burudani nayo haikukoma. Ngoma ya beni, yenye makundi yaliyoshindana ya Marini na Arinoti, gwaride na vyeo vya kijeshi, ilikuwa imeanzia pwani. Vita viliipeleka bara pamoja na askari, mateka na wapagazi, ikapata wafuasi katika miji mingi. Vijana ambao mchana walipigiwa kelele na maofisa, jioni walikuwa majenerali katika ngoma yao.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa askari kutoka Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora, na upigaji wa sarafu ukawa umekwisha. Serikali iliyotia saini noti ilikuwa imekimbia. Wabelgiji walileta faranga, na hata stempu za posta za Kongo zilizogongwa maneno ya kuonyesha kwamba eneo liko chini yao. Tabora waliikabidhi kwa Waingereza mwaka 1917, lakini Kigoma walikaa hadi mwaka 1921, wakati ambapo Waingereza walikuwa wakijiandaa kuleta shilingi. Kwa hiyo mkazi wa Kigoma aliyekuwa mtu mzima mwaka 1914 alishuhudia, katika muda usiozidi miaka minane, rupia ya fedha, noti ya muda, faranga na shilingi. Katika hizo zote, iliyomwachia hasara kubwa ni noti, na iliyobaki na thamani hata baada ya serikali yake kuondoka ni rupia ile ya fedha iliyofichwa mwanzoni mwa vita.