Mkutano mkuu wa kijiji: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria

"Ardhi ni ya serikali ya kijiji." Utalisikia neno hilo Mufindi, Kilolo na Njombe, Tanzania, kila anapofika mtu wa mjini kutafuta ekari za miti ya mbao au parachichi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi tu, tena kama mdhamini anayeitunza kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila (haki ya kumiliki ardhi ya kijiji) kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kabla, si baada ya mipaka kupandwa.

Mambo huharibikia kwenye karatasi. Watu husaini mahudhurio kwenye ukurasa mtupu, kisha ukurasa ule unabandikwa kwenye muhtasari wa ajenda ambayo hawakuijadili. Usisaini mpaka juu ya ukurasa pawe na jina la kijiji, tarehe na ajenda. Na mwenyekiti asifunge kikao kabla mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu, hajasoma azimio neno kwa neno: anapewa nani, ekari ngapi, kitongoji gani. Dakika tano hizo zinaokoa miaka ya kesi.

"Mkutano ni wa wakuu wa kaya." Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mume hamwakilishi mke, wala kijana hasubiri ajenge kwake.

"Mapato na matumizi ni siri ya ofisi." Mkutano mkuu hukaa kila miezi 3, na taarifa hiyo husomwa hapo. Ukiitishwa msimu wa kupanda, watu wako mashambani. Ombeni siku nyingine mapema badala ya kunung'unika baadaye.

"Faini ikipitishwa na halmashauri ya kijiji, basi ni sheria." Bado. Rasimu ya sheria ndogo hupelekwa mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Anayetozwa kwa mbuzi kuingia shambani ana haki ya kuuliza sheria ndogo ipi, na kudai stakabadhi.

"Nina kadi ya mpiga kura, mwenyekiti nitamchagua." Kadi ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa na orodha yake, iliyoandikishwa kitongojini na mtaani kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Jina lisipokuwemo humo, kadi haisaidii.