Koo linalowasha wiki hadi wiki: je, umekagua meno?

Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa Isevya, Tabora mjini. Koo linaniwasha mwezi wa pili sasa. Nimemeza amoksilini dozi mbili za duka la dawa. Linatulia, kisha linarudi. Homa sina.

Marahaba, mama. Usinunue dozi ya tatu. Koo linalouma kwa sababu ya virusi hupona lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Likivuka hapo bila homa, mara nyingi koo halina kosa, linaponzwa na majirani zake: meno, pua, tumbo, au hewa unayovuta. Hilo la kutulia na dawa kisha kurudi ndilo linanifanya niulize meno kwanza.

Mbona jino haliumi?

Jino lililokufa linaweza lisiume lenyewe. Mshipa wa fahamu ukishaoza, maumivu hukoma na mtu anashukuru Mungu, kumbe usaha unaendelea kwenye mzizi.

Msumbufu mkubwa ni gego la mwisho la chini, linaloota kati ya miaka 17 na 25 hivi. Mara nyingi halitoki lote. Ufizi unabaki umelifunika nusu, mabaki ya ugali na nyama yanajificha chini yake, panavimba. Mgonjwa wa namna hii ukimuuliza panapouma hagusi jino, anashika koo, tena upande mmoja. Kumeza kunauma na mdomo haufunguki wote.

Magego ya juu yana visa vyake. Mizizi yake iko karibu sana na uwazi wa sainasi ulio ndani ya shavu. Usaha ukipenya huko, kamasi lenye harufu mbaya hutoka tundu moja la pua na kushuka nyuma ya koo ukilala. Asubuhi unakohoa na kutema, unasema ni mafua.

Nawa mikono, pitisha kidole kwenye fizi utafute kiuvimbe kama chunusi. Gonga meno polepole kwa mpini wa kijiko. Linalouma kuliko mengine lina neno. Kisha nenda kitengo cha kinywa na meno, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Jino litatibiwa mzizi au kung'olewa. Vidonge peke yake havimalizi kazi.

Ila ukivimba chini ya kidevu, ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, usisubiri kuche. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Mimi niko Urambo, nachochea kuni kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Koo ni kavu msimu mzima.

Moshi wa kuni na vumbi la majani makavu vinatosha kukukwaruza, hata kama huvuti sigara. Kaa upande upepo unakotokea, funika pua na mdomo unapopanga majani. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime kifua kikuu, vipimo ni bure. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, daktari aangalie koo lenyewe, hasa kwa mvutaji na mnywaji wa pombe, maana saratani ya koo huanza kimyakimya hivyo.

Wengine ni tindikali ya tumbo tu inayopanda kooni: wanakula usiku na kulala hapohapo. Na kama unatumia dawa ya presha kama kaptopril au enalapril, inaweza kukuletea kikohozi kikavu na mwasho. Mwambie daktari akubadilishie, usiiache mwenyewe.

Bibi anasema mjukuu akatwe kimeo ndipo kikohozi kiishe.

Mwambie bibi, kwa heshima zote, hapana. Kimeo ni kiungo cha kawaida, kila mtu anacho, na hakileti kikohozi. Watoto wamevuja damu, wengine wamepata pepopunda kwa kisu hicho. Mpelekeni kituo cha afya.

Na asali yetu ya Tabora?

Kijiko kimoja kabla ya kulala kinatuliza mwasho, sikatai. Piga mswaki baadaye, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kabisa.