Kwa nini Louis Armstrong hayumo kwenye orodha ya mabingwa wa jazi wa Marekani?

Heshima kubwa kuliko zote ambayo serikali ya Marekani humpa mwanamuziki wa jazi inaitwa NEA Jazz Masters; NEA ni mfuko wa taifa wa sanaa wa nchi hiyo. Pitia majina ya waliotunukiwa: Dizzy Gillespie yumo, Miles Davis yumo, Ella Fitzgerald yumo. Sasa mtafute Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu kuliko wengi katika jazi. Hayumo. Duke Ellington naye hayumo, wala Thelonious Monk.

Majaji hawakuwasahau. Ni kwamba tuzo hii hapewi marehemu. Ilianza 1982, na wakati huo Armstrong alikuwa ameshafariki tangu 1971, Ellington tangu 1974. Monk ndiye anayesikitisha zaidi: alifariki Februari 1982, mwaka uleule ambao Gillespie, Roy Eldridge na Sun Ra walifungua orodha.

Mbona masharti makali hivyo? Nionavyo mimi, jibu liko kwenye bahasha: dola 25,000. Hiyo ni hela ya kumfaa msanii mwenyewe, maana mwanajazi anaweza kupiga vilabuni miaka hamsini akazeeka bila pensheni. Katikati ya miaka ya 1990, Bunge la Marekani lilipozuia fedha za umma za sanaa kwenda moja kwa moja kwa mtu binafsi, mabingwa wa jazi waliachwa waendelee kupokea, pamoja na waandishi na wasanii wa jadi.

Mwananchi yeyote anaweza kumpendekeza amtakaye. Kujipendekeza tu ndiko marufuku, nadhani kwa maana zote mbili za neno.

Na sisi Waswahili tuna chetu humo. Mpiga piano Randy Weston, aliyetunukiwa 2001, alirekodi santuri ya Uhuru Afrika mwaka 1960. Jina ni la Kiswahili, na ndani yake anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili shairi alilolitunga Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, huku nyuma yake kukiwa na bendi kubwa ya New York. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Sanga alipoingia studio kulitamka neno hilo “uhuru”, Tanganyika yenyewe ilikuwa bado ina mwaka mzima wa kuungoja.