Mmisionari hatoki chuoni akiongea kama mwenyeji

Wengi huamini kwamba kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho akipitia kituo cha mafunzo ya wamisionari cha Provo, Utah, Marekani, hutoka akiongea lugha ya kigeni kwa ufasaha. Sivyo. Wanaojifunza Kihispania hufunzwa kwa takriban wiki 6, wanaojifunza Kijapani takriban 9, na siku za mwanzo mara nyingi husomea nyumbani kwa intaneti. Muda huo unatosha kusali, kujitambulisha na kufundisha somo fupi. Kubishana bei sokoni ni habari nyingine.

Wala si sarufi kutwa nzima. Tangu wiki ya kwanza kijana na mwenzake humfundisha mwalimu anayejifanya mgeni wa dini, kwa lugha ile ile wanayoibabaisha. Hapo ndipo kasoro kubwa hujitokeza: wamekariri sentensi, wanazitamka vizuri, kisha yule "mgeni" anauliza swali wasilolitarajia na wote wawili wanakodoa macho. Dawa yake ni kuandaa maswali badala ya hotuba, na kuzungumza lugha hiyo hata wakati wa kula. Anayengoja ajue kwanza ndipo aseme huchelewa sana.

Mara moja kwa wiki kuna siku ya matayarisho. Jina lisikudanganye ukadhani ni likizo: wanafua, wanasafisha chumba, wanawaandikia au kuwapigia simu wazazi, na jioni wanarudi kazini.