Mshika Dini ni Mtu wa Namna Gani? Dhana Potofu na Ukweli

Kiswahili kina namna yake ya kulieleza jambo hili: imani mtu huwa nayo, lakini dini huishika. Ndiyo maana tunasema mshika dini, mtu wa swala tano. Hata hivyo, picha ya mshika dini waliyo nayo wengi imepotoka, na inaumiza. Kuna wanaoacha dawa wakidhani ndiyo ibada, na kuna wanaoacha ibada wakidhani hawafai.

Dhana: Mtu wa dini ni anayeamini sana

Kuamini peke yake hakutoshi. Kati ya nguzo 5 za Uislamu, ni shahada pekee iliyo tamko la imani. Swala, zaka, saumu na hija ni vitendo vyenye wakati, kiwango na masharti. Mapokeo ya Kiyahudi yanahesabu amri 613 katika Torati: 248 za kutenda na 365 za kuacha. Ubudha haufundishi habari za Mungu muumba, lakini muumini wake wa kawaida ana makatazo 5 ya kuyashika: kuua, kuchukua asichopewa, uzinzi, uongo na ulevi.

Itazame zaka kwa karibu. Wengi huichanganya na sadaka, ambayo haina kiwango wala msimu. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kima cha chini chenye thamani ya gramu 85 hivi za dhahabu, na ikatimiza mwaka mikononi mwa mwenyewe. Mwenye akiba yenye thamani ya gramu 200 za dhahabu hutoa thamani ya gramu 5. Nyumba anayoishi haihesabiwi. Kosa linalowapita wengi bila kujua ni la kalenda: mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, na ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku 11 hivi. Anayehesabu kila Januari bila kufidia tofauti hiyo, baada ya miaka 33 hivi atakuwa ameruka zaka ya mwaka mzima, huku akiamini hana deni.

Dhana: Anayejitesa zaidi ndiye mcha Mungu zaidi

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa inavaa joho la uchaji. Dini zenyewe zimeweka ruhusa, na ruhusa hizo ni sehemu ya sheria, si mwanya wa wavivu. Katika Uislamu, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku hizo baadaye. Mzee asiyeweza tena kufunga humlisha maskini mmoja kwa kila siku. Asiyeweza kuswali wima huswali ameketi, na akishindwa hulala ubavu. Akikosa maji ya kutawadha, au maji yakimdhuru, hutayamamu kwa udongo safi, akipaka uso na mikono. Safarini, swala za rakaa 4 huwa 2, lakini magharibi hubaki 3 na alfajiri 2. Hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani kila swala hupunguzwa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akafunga kwa siri bila kumwambia daktari hajapanda daraja. Sukari yake inaweza kushuka mchana hadi azimie, na aya inayoamrisha saumu ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa mgonjwa.

Kwa Wakatoliki, kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo kamili mmoja na chakula kidogo asubuhi na jioni, na kunawahusu walio kati ya miaka 18 na 59. Wayahudi nao husimamisha sheria ya Sabato pale uhai unapokuwa hatarini.

Imepokewa katika hadithi kwamba watu watatu waliazimia mmoja kuswali usiku kucha, mwingine kufunga kila siku, wa tatu asioe kamwe. Mtume aliwarekebisha: yeye hufunga na hufungua, huswali na hulala, na ameoa.

Dhana: Mwenye dini hana shaka

Zaburi ya 22 inaanza kwa kilio cha mtu anayemuuliza Mungu wake mbona amemwacha, na waumini wanaisali hadi leo. Al-Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Baghdad, alisongwa na msukosuko wa ndani hata ulimi ukagoma kufundisha, akaiacha kazi yake mwaka 1095. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa 2007 zinaonyesha miaka mingi ya giza la kiroho, na katika miaka hiyo hakuacha kuwauguza maskini. Anayepitia hali hiyo asijihukumu kwamba ametoka katika dini. Aendelee na ibada ndogo anayoiweza, na amtafute mjuzi anayesikiliza.

Dhana: Mshika dini huikimbia sayansi

Mendel, aliyefungua njia ya elimu ya urithi kwa mimea ya njegere, alikuwa mtawa. Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre.

Dhana: Utamjua kwa mavazi na alama

Vazi lina nafasi yake, na anayelivaa kwa nia njema asidharauliwe. Tatizo ni kulifanya kipimo. Waislamu huiita ria ibada inayofanywa ili watu waone, na Yesu naye aliwaonya wanaosimama njia panda kusali ili watazamwe. Sura ya Al-Maun katika Kurani ina aya 7 tu. Inawakemea wanaoswali huku wakijionyesha, na kosa la mwisho inalolitaja ni kunyima maun. Ibn Masud, sahaba wa Mtume, aliyafafanua maun kuwa vitu ambavyo watu huazimana: shoka, chungu na ndoo.