Bunju Kibete Hadeki, Acha Kumshindisha Njaa

"Mwache tu, njaa ikimbana atakula." Jamani, nimechoka. Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na kijana wa Ilazo, Dodoma, aliyenitumia picha ya bunju kibete, yule samaki mdogo wa kufugwa kwenye tangi, tumbo limebonyea, huku vipande vya chakula cha pakiti vinaozea chini ya tangi. Eti samaki anadeka.

Hadeki. Huyu ni mwindaji. Kwao ni mito ya Kerala, kusini mwa India, na hata akikomaa anaishia kwenye sentimita tatu hivi, lakini anaishi kwa macho. Sogea kwenye kioo umwangalie: kila jicho linazunguka kivyake. Kiluwiluwi cha mbu kikijinyonganyonga majini, anasimama palepale, macho yanageukia mbele, mkia unajikunja pembeni, halafu kwap! Kipande kikavu kinachoelea juu wala hakioni kuwa ni chakula. Na mwili ule mdogo hauna akiba ya kungoja umtie adabu. Akifika pale kichwa kimekuwa kipana kuliko tumbo, wengine hawarudi hata ukiwaletea wanachokipenda.

(Na kabla hujauliza: usitie chumvi. Bunju wanaotaka chumvi ni wengine.)

Basi ale nini? Konokono wadogo, viluwiluwi vya mbu, dafnia (vile vidudu vidogo vya majini). Hapo ndipo wenzangu wa Dodoma mnaponiharibia siku: mtu anabeba ndoo, anakwenda lambo la karibu, anaokota konokono kwa mikono mitupu. Ndugu zangu, baadhi ya hao konokono ndio wanaobeba kichocho! Mwenye vimelea anaendelea kuvimwaga majini wiki baada ya wiki, na wewe ndiye unayetumbukiza mkono hadi kiwiko kila ukisafisha tangi. Samaki hana shida, ngozi inayopenywa ni yako. Wanaonijibu "nimewaosha na maji ya bomba" ndio wananimaliza kabisa, maana vimelea vimo ndani ya konokono, havikukaa juu ya gamba.

Chukua mayai ya konokono. Konokono hazaliwi na kichocho. Anaambukizwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa kikifika majini. Mwombe mfugaji mwenzako jani lenye yale mayai ya utelezi, lisuuze, lianzishie ndoo yake. Maji yetu magumu, haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yanawajenga magamba vizuri sana. Watupie mchicha uliochovywa maji ya moto, waache wazaane.

Viluwiluwi ni beseni, maji na majani makavu, uweke kivulini. Kiangazi chetu ni kirefu, madimbwi hutayaona. Mbu wakishataga funika na chandarua, uvune kila siku, maana kwenye joto wiki moja na ushei inatosha kiluwiluwi kuota mabawa. Ukisahau, bwana afya akija mimi sikujui.

Vile viluwiluwi vyekundu vya kugandishwa navyo vinafaa, ila vitikise kwa kibano mbele ya macho yake, na mwanzoni vichanganye na vilivyo hai. Wapo wanaozoea upesi, wapo wasiozoea maisha yao yote. Umeme ukikatika vikayeyuka, tupa.

Sasa meno. Kila mahali utasoma kwamba asipovunja magamba ya konokono meno yatarefuka hadi ashindwe kula. Kwa bunju wakubwa sibishi. Kwa huyu kibete nina wasiwasi na hiyo hadithi. Mtazame akila konokono: mara nyingi anamnyofoa nyama tu, gamba linabaki zima, tupu, mchangani. Hapo meno yamesagwa na nini? Nampa konokono kwa sababu anawapenda na wanamshibisha, basi. Siwezi kumtisha mtu na meno wakati tatizo lake ni chakula cha pakiti.

Akiwa anakula vizuri na tumbo bado limebonyea, shuku minyoo ya ndani, kwani wengi wanaouzwa hukamatwa mitoni. Na akisusa chakula mwezi wa saba, usibadilishe chakula kabla hujatumbukiza kipimajoto. Usiku wa Dodoma kipindi hicho, tangi lisilo na hita linashuka chini ya nyuzi 24, na kwenye maji ya namna hiyo hata konokono mnono anaweza kumpita mbele ya mdomo akimtazama tu.