Mafuta ya karafuu yanaua bakteria, lakini hayazibi jino lililotoboka

Jino likianza kuuma usiku, watu wengi hukimbilia karafuu, na hawakosei kuiamini. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, kemikali inayotuliza neva za jino na papo hapo kuua vijidudu. Sisi madaktari wa meno pia tunaitumia: huchanganywa na oksidi ya zinki kutengeneza saruji ya kuziba jino kwa muda.

Bakteria amezungukwa na utando wenye mafuta, na mafuta makali ya mimea kama haya ya karafuu hupenya humo kwa urahisi. Utando ukilegea, vilivyomo ndani huvuja na bakteria hufa. Thimoli ya zaatari na mentoli ya mnanaa hushambulia hivyo hivyo. Maabara zimeonyesha kwamba hata Streptococcus mutans, bakteria anayegeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno, hahimili shambulio hili.

Kinywani mambo ni magumu zaidi. Humo bakteria hujibanza ndani ya ukoga, ule utelezi unaousikia kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki, na dawa haifiki chini kwa urahisi. Ndiyo maana dawa ya kusukutua haiwezi kuchukua nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Chukua mfano wa Listerine, iliyobuniwa Marekani mwaka 1879. Ina thimoli, mentoli, yukaliptoli ya mkaratusi na methili salisileti (kemikali ya jamii moja na aspirini), kila moja chini ya asilimia 0.1, na kwa kiwango hicho kidogo hupunguza ukoga na uvimbe wa fizi kwa anayepiga mswaki kila siku.

Kiwango hicho ndicho ninachoomba mkitilie maanani. Mafuta yasiyochanganywa huunguza: fizi hugeuka nyeupe, kisha ngozi yake laini hubanduka na kuacha kidonda. Kuyadondoshea kwenye glasi ya maji hakusaidii, kwa sababu hayayeyuki. Hubaki matone yaliyojitenga na maji na kuingia mdomoni yakiwa makali vilevile. Kwa watoto hatari ni kubwa mno. Mafuta ya karafuu yakimezwa yanaweza kuharibu ini, ya mkaratusi huleta degedege, na kijiko kimoja cha chai cha methili salisileti halisi kina sumu inayolingana na vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Chupa hizi zifungiwe mahali mtoto hafiki.

Kuna jambo jingine linalotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa. Karafuu ikituliza maumivu, mtu hudhani amepona, kumbe tundu linaendelea kuchimbika kuelekea kwenye mzizi. Panga kumwona daktari hata kama maumivu yameisha. Na ukiona shavu limevimba, una homa, unameza kwa shida au mdomo haufunguki vizuri, usisubiri kesho: nenda hospitali siku hiyo hiyo.